Nyumba ikipigwa mnada, mpangaji hatoki jioni hiyo

Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ilazo, wapangaji wengi huamini kuwa benki ikiuza nyumba ya mkopaji, vyombo vyao vitatolewa nje siku hiyohiyo. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999, pamoja na marekebisho yake, inampa mkopaji notisi ya siku 60, na mnada wenyewe hutangazwa angalau siku 14 kabla. Tatizo ni kwamba notisi humfikia mwenye nyumba, naye mara nyingi hunyamaza. Hapo ndipo watu huumia: leo umelipa kodi ya miezi sita, wiki ijayo karatasi ya dalali imebandikwa getini.

Kinachoamua kama utabaki ni tarehe. Mkataba wako ukiwa umetangulia rehani, mnunuzi anaichukua nyumba ikiwa na mpangaji wake. Ukiwa umefuata rehani bila ridhaa ya benki, kinga yako ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba namba ya hati ukapekue kwa Msajili wa Hati. Rehani iliyosajiliwa itaonekana. Mnada ukishapita, usilipe kodi mpya kabla mnunuzi hajakuonyesha uthibitisho wa umiliki.

Na usitarajie kodi za pango mtaani zishuke kwa mnada mmoja. Nyumba imebadili mmiliki tu, vyumba ni vilevile.