Kidirisha cha Bluetooth kinapoangusha kivinjari kizima

Ripoti ilikuwa fupi. Tovuti inaomba kifaa cha Bluetooth, kidirisha cha kuchagua kinatokea, mtumiaji anafunga kichupo kabla hajachagua, na kivinjari chote kinajifunga. Lakini si kila mara. Hitilafu ya "si kila mara" hunifanya niwaze kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kitu kingine.

Kwanza, kwa nini kivinjari kizima? Tovuti hairuhusiwi kusaka vifaa yenyewe. Inaita requestDevice, yaani amri ya JavaScript ya kuomba kifaa, ukurasa uwe wa HTTPS na mtumiaji awe amebofya kitu. Msako na orodha ni kazi ya kivinjari, na tovuti hupewa kile kifaa kilichochaguliwa tu. Kwa hiyo kidirisha kinaishi kwenye mchakato mkuu wa kivinjari. Kikianguka, vichupo vyote vinakwenda nacho.

Nyuma yake kuna sehemu inayopokea matokeo ya msako, tuiite msimamizi. Msimamizi alikuwa ameshika pointa ya kawaida ya kidirisha, yaani anwani tu ya mahali kilipo kwenye kumbukumbu. Kichupo kikifungwa, kidirisha kinabomolewa na kumbukumbu yake inarudishwa. Redio haina habari hizo: matangazo ya vifaa, yaani ishara za redio za "nipo hapa", yanaendelea kuingia, na ujumbe uliokuwa kwenye foleni unafika umechelewa. Msimamizi anabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Kuna waliopendekeza tukague tu kama pointa ni tupu. Haisaidii, kwa sababu si tupu. Bado ina anwani ileile ya zamani, na mahali pale huenda data za zamani hazijaguswa, au pameshakaliwa na kitu kingine kabisa. Ndiyo maana mara inapita kimya, mara inaangusha. Tulipojenga kivinjari kwa AddressSanitizer, zana inayonasa makosa ya kumbukumbu, kilisimama pale pale kila mara na kuonyesha kumbukumbu ilitengwa wapi, ikaachiliwa wapi, na nani aliyeigusa baadaye.

Dawa ni pointa dhaifu, inayojifuta kitu chake kikibomolewa. Pamoja nayo, kidirisha kinapoondoka kisimamishe msako. Jaribio la otomatiki likawa rahisi: funga kichupo, kisha leta tangazo bandia la kifaa.

Tukiwa humo humo tukakuta jingine. Kidirisha kilikuwa kinatuma nambari ya mstari uliochaguliwa, ilhali kifaa kikitoweka hewani orodha inapungua. Ukichagua mstari wa 3 na vimebaki viwili, kivinjari kinaanguka. Vikiwa vimebaki vitano, hakianguki, ila ruhusa inaweza kwenda kwa kifaa ambacho mtu hakukichagua. Kwangu hili ni baya kuliko kuanguka, maana halileti ripoti yoyote.

Sasa kinatumwa kitambulisho cha kifaa. Jina halitoshi: vifaa viwili vinaweza kuwa na jina moja, na mara nyingine jina hufika baada ya kifaa kuwa tayari kwenye orodha. Kitambulisho kisipopatikana, ombi halipiti, na mtumiaji anachagua upya.