Masharti ya ubora huchuja tu

Wanafunzi wangu wa udhibiti bora (hesabu ya kuendesha kitu kwa gharama ndogo kabisa) hapa Nairobi wakishatatua milinganyo ya Pontryagin, yaani masharti ambayo kila njia bora lazima iyatimize, hutangaza kwamba wamepata njia bora. Huwa nawauliza: mmejuaje?

Chukua matatu ya umeme kwenye Ngong Road. Iondoke steji ikiwa imesimama, ifike steji nyingine mita 900 mbele kwa sekunde 90, isimame tena. Barabara ni tambarare na msuguano tunausahau. Gharama yetu ni mraba wa mchapuko, ukijumlishwa safari nzima.

Kanuni ambayo Pontryagin na wenzake waliitoa Moscow miaka ya 1950 hukipa kila kigezo cha hali (hapa umbali na kasi) bei yake: kama ungepewa bure mita moja zaidi, au kasi kidogo zaidi, gharama iliyobaki ingebadilika kwa kiasi gani? Kisha kila wakati unachagua mchapuko unaoifaa zaidi Hamiltoniani, yaani gharama ya papo hapo ukijumlisha mabadiliko ya hali yaliyothaminiwa kwa bei za wakati huo. Hapa gharama haijali uko wapi barabarani, kwa hiyo bei ya umbali haibadiliki, na ile ya kasi hushuka kwa mstari mnyoofu. Mchapuko huifuata: 0.67 m/s² mkiondoka, sufuri sekunde ya 45, halafu breki inayozidi kukazwa hadi mnasimama. (Makanga angeuliza kama dereva amelala.)

Ila katikati mtafika 54 km/h, na kasi ya juu inayoruhusiwa mjini ni 50. Ukiliingiza sharti hilo, mnaanza kwa nguvu zaidi, 0.73, mnafika 50 kama sekunde ya 38, mnaishikilia hadi ya 52, ndipo mnapunguza. Gharama hupanda kwa asilimia 2 hivi. Kutii sheria ni rahisi kuliko nilivyotarajia.

Je, hii ni bora kweli? Ndiyo, lakini si kwa sababu inatimiza masharti ya Pontryagin. Ni kwa sababu milinganyo ya mwendo ni ya mstari na gharama ni mbonyeo (kama bakuli lenye kitako kimoja tu), na hapo nadharia ya Mangasarian ya 1966, kwamba katika hali hiyo masharti yanatosha, inafunga kesi.

Ubonyeo ukikosekana, jihadhari. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, njia fupi kwenye uso wa dunia ni tao la duara kuu, chini ya kilomita 500. Sasa geuza ndege, ifuate duara lilelile upande wa pili: ivuke Sahara, Atlantiki na Pasifiki, iingie Mombasa kutoka Bahari ya Hindi, karibu kilomita 39,500. Njia hiyo nayo inatimiza milinganyo yote! Kinachoiangusha ni sharti la Jacobi: imepita Pasifiki, penye ncha iliyo upande wa pili kabisa wa dunia kutoka Nairobi, ambako njia nyingi zilizotoka pamoja hukutana tena.

Mlinganyo wa Bellman, unaokokotoa gharama bora kuanzia kila hali inayowezekana, hutoa uhakika kamili, lakini kwa vigezo 6, kila kimoja kikigawanywa sehemu 100, kompyuta inakabiliwa na visanduku trilioni moja. Kwa hiyo kazini natumia Pontryagin, naianzisha kompyuta kwa makisio yaliyo mbalimbali, nalinganisha gharama, kisha natafuta ncha za Jacobi, zile za njia kukutana tena, kwenye ile iliyoshinda.