Utumbo ukipooza: kwa nini mgonjwa anazuiwa hata uji

Misuli ya utumbo hubana na kulegea kwa zamu mchana na usiku, ikisukuma chakula, maji na hewa kwenda chini. Ileasi ni hali ya misuli hiyo kuacha kusukuma wakati hakuna kilichoziba njia. Tumbo linajaa na kukaza, mgonjwa anatapika, haja kubwa na ushuzi vinakoma.

Mara nyingi hutokea baada ya upasuaji wa tumbo. Utumbo mwembamba kwa kawaida hurudia kazi ndani ya saa 24 hivi, utumbo mpana huweza kuchukua hadi saa 72. Kwa hiyo muuguzi wa wodini Mbeya au Iringa akiuliza, "Umeshajamba?" ajibiwe bila aibu, maana hiyo ni dalili mojawapo ya utumbo kuanza kuamka. Visababishi vingine ni usaha tumboni, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, dawa za maumivu za jamii ya mofini, na upungufu mwilini wa potasiamu, madini yanayosaidia misuli kubana.

Matibabu yake huwatia ndugu wasiwasi kwa sababu yanaonekana kama mgonjwa ameachwa tu. Hali wala hanywi. Mrija hupitishwa puani hadi tumboni kutoa hewa na majimaji yaliyojaa, ili asitapike yakaingia mapafuni. Maji na chumvi anapewa kwa dripu. Wakati huo daktari anatafuta chanzo na kukitibu, kwa sababu chanzo kikibaki, utumbo nao hauamki.

Potasiamu inahitaji maelezo zaidi. Mtu wa Rungwe atasema ndizi zinayo, wa Njombe atataja viazi, na wote wako sahihi. Lakini chakula kisichosukumwa kinabaki tumboni na kurudi kama matapishi. Ndiyo maana potasiamu huchanganywa kwenye dripu na kuingia polepole, baada ya kuhakikisha mgonjwa anakojoa. Ikiingia kwa kasi inaweza kusimamisha moyo. Tafadhali, ndugu asiguse kidhibiti cha dripu kwa kuona inachelewa.

Dawa za mofini hupunguzwa na nafasi yake kuchukuliwa na parasetamoli au nyingine zinazofaa, kwani maumivu hayapaswi kuachwa. Kuamka na kutembea huzuia damu kuganda miguuni. Kutafuna bigijii, daktari akiruhusu, kumeonekana kuwaharakishia kutoa hewa kina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mama wa namna hiyo asiye na tatizo anaweza kuruhusiwa kula mapema. Katazo la chakula linamhusu aliyejaa tumbo na kutapika.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa za kuharisha na mitishamba inayotolewa nyumbani. Utumbo uliojisokota nao hujaza tumbo na kuzuia haja, mara nyingi kwa maumivu ya kukata yanayokuja na kuondoka, na unaweza kuoza au kutoboka. Bila kupimwa na kupigwa picha ni vigumu kuutofautisha na uliopooza. Kwa aliye mbali, Makete au Ludewa, tumbo likijaa, akitapika na ushuzi ukakoma, safari ya hospitali ianze siku hiyohiyo.

Hewa ikishatoka na kutapika kukikoma, mrija huondolewa. Huanza maji kidogokidogo, kisha uji mwepesi, kisha chakula laini. Siku zikipita bila nafuu, madaktari hupima upya kutafuta usaha uliojificha, mshono unaovuja au mahali palipoziba.