Dripu hazitoshi na kila kituo kinataka leo, nagawaje?

Juzi kuna dogo ameanza kazi kwetu stoo akaniuliza, kipindupindu kikilipuka sehemu tatu kwa mpigo na ghalani dripu hazitoshi, unaanza na nani? Nilimjibu harakaharaka maana lori lilikuwa linasubiri kupakiwa, ila swali halikunitoka kichwani. Mimi ni mfamasia, miaka yote nipo upande wa stoo, na naona vijana wengi wanafundishwa kupokea mzigo, kupanga rafu, kukaunti, halafu kugawa wanaachiwa wakajifunze wenyewe siku ya mlipuko. Sio sawa kabisa.

Kwanza ujue unagawa nini. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka kabisa anahitaji RL (Ringer's lactate, hayo maji ya dripu) mililita 100 kwa kila kilo yake, kwa hiyo mtu mzima wa kilo 50 ni lita 5, yaani chupa 10 za nusu lita, na zote ziingie ndani ya masaa matatu: mililita 30 kwa kilo kwenye nusu saa ya mwanzo, zile 70 kwa masaa mawili na nusu yanayofuata. Wagonjwa wakiwahiwa hivyo vifo vinashuka chini ya asilimia 1. Sasa piga picha kituo kinapokea wagonjwa kumi mahututi kwa usiku mmoja, hizo ni chupa 100 zimeondoka kabla hakujakucha. Ndio maana wastani wa matumizi wa miezi mitatu, ule tunaoutumia kwa oda za kawaida, kipindi cha mlipuko uweke pembeni, kituo kilichokuwa kinatumia chupa 40 kwa mwezi sasa kinazimaliza kwa wagonjwa wanne. Uliza wametumia ngapi jana na juzi, na wagonjwa wanaongezeka au wanapungua.

Halafu namba ya kwenye kompyuta usiiamini mpaka umeichambua. Tuchukue mfano, sistimu inasema RL 2,400. Shuka ghalani ukaangalie: 700 zimeshatolewa rafuni zipo mlangoni zinasubiri gari la hospitali iliyoagiza wiki iliyopita, 360 zipo karantini bado hazijaruhusiwa kutoka, 90 zinavuja. Ulizonazo kweli ni 1,250. Mtu akikupigia ukamwambia tunazo elfu mbili na mia nne umeshamdanganya, na yeye ataenda kuwaambia wauguzi wake watulie mzigo unakuja.

Sasa maombi yamekuja. Hospitali kubwa ya mjini inataka 2,000, kituo cha afya cha mwaloni wanataka 600, na kituo cha kisiwani wanataka 150. Wengi wetu tunachofanya hapa ni kugawa kwa uwiano wa maombi, na inaonekana ni haki kabisa, mjini wanapata 909, mwaloni 273, kisiwani 68. Ila ngoja uwaulize maswali mawili tu, mna ngapi mkononi na mnatumia ngapi kwa siku. Mjini wana 800 wanatumia 100 kwa siku, hao wana siku 8. Mwaloni wana 120 wanatumia 80, siku moja na nusu. Kisiwani wana 90 wanatumia 30, siku 3. Kwa ule mgao wa uwiano mjini wanafika siku 17 wakati mwaloni hawafiki hata siku 5. Hiyo sio haki hata kidogo, umempa aliyeomba kwa sauti kubwa.

Mimi nagawa kwa siku zilizobaki. Naangalia jumla ya vyote, vilivyopo kwangu na vilivyopo kwao, ni chupa 2,260, na wote watatu wanatumia 210 kwa siku, kwa hiyo naweza kumfikisha kila mmoja siku 10. Mjini anapungukiwa 200, mwaloni 680, kisiwani 210. Jumla 1,090, nabaki na 160.

Umeona kisiwani wanapata zaidi ya walichoomba? Hili nimekutana nalo mara nyingi sana na linaniuma. Sista wa kituo kidogo anaomba kidogo kwa sababu miaka yote akiomba nyingi anapunguziwa, kwa hiyo ameshazoea kujipunguzia mwenyewe. Na mkubwa naye anajua kwamba mzigo ukiwa mdogo wote tutakatwa, anaandika mara mbili ya mahitaji yake ili akikatwa nusu abaki sawa. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, kila mtu anawalinda wagonjwa wake, ila ukigawa kwa karatasi ya maombi unakuwa umeisikiliza hofu yao sio wagonjwa. Piga simu, "Sista, nakuletea 210, sehemu ya kuweka ipo?" na usikie anavyoshusha pumzi.

Na siku hesabu pamoja na safari. Kisiwani siku 3, lakini kama boti inakwenda keshokutwa ndio ifike, huyo ana siku moja tu ya kuchezea, yupo hali moja na mwaloni ambaye gari linafika asubuhi hiyohiyo. Mwenye njia ndefu mzigo wake ndio unapangwa kwanza hata kama kwenye orodha ya siku haonekani wa kwanza.

RL ni nzito, chupa 1,000 ni nusu tani na zaidi, hiyo haipandi pikipiki. ORS, ule unga wa kuchanganya na maji mgonjwa anywe, pakiti moja ya lita ni gramu 20 na kidogo tu, pakiti 1,000 ni kama kilo 20, bodaboda anafunga nyuma anaondoka saa hiyohiyo. Na wagonjwa wengi wa kipindupindu ORS inawatosha, wakiipata mapema hawafiki kwenye dripu. Kwa hiyo wakati watu wanabishana lori lipi liende wapi mimi ORS imeshatoka.

Kwenye bechi, sheria ya inayoisha muda mapema itoke kwanza ipo palepale ila iangalie na inaenda wapi. Zenye muda mfupi nampa mwaloni, zitatumika zote ndani ya siku kumi. Kisiwani nampa zenye muda mrefu, mlipuko ukizima ghafla zisije kumwozea kwenye kabati.

Nilishawahi kukosea kosa ambalo silisahau. Nilituma dripu zote kama zilivyopangwa, zimefika salama, usiku napigiwa simu kwamba seti za kuwekea, ile mipira ya kupitishia maji ya dripu, hazipo. Zilikuwa kwenye mstari mwingine wa oda, zikaandikwa zitafuata, mimi nikaangalia mstari wa RL tu. Chupa zimejaa chumbani na mgonjwa yupo kitandani, wakaenda kuazima seti kituo jirani usiku huo. Tangu siku hiyo RL, seti na kanula (kile kimrija kinachobaki kwenye mshipa) ni mzigo mmoja kwangu, kama seti zipo za wagonjwa 50 basi hata nikiwa na maji ya wagonjwa 100 nahesabu 50, na simu ya kwanza ninayopiga ni ya kutafuta seti.

Mzigo unaokuja ugawe kabla haujafika. Lori lina chupa 3,000, linafika kesho kutwa, ukisubiri lishushwe, lipangwe rafuni, liingizwe kwenye sistimu, ndio uanze kupiga hesabu, umepoteza siku nzima. Gari likishatoka stoo kuu tayari tunajua bechi na idadi, mgao unaandikwa, magari ya kupeleka yanapangwa, likifika tunakagua, tunahesabu, za mwaloni zinavuka moja kwa moja kwenda gari lingine bila kugusa rafu. Ila za kontena ambalo bado lipo bandarini usimuahidi mtu. Nazo naziandika, kwa penseli, pembeni.

Zile 160 zilizobaki watu watakusumbua sana uzitoe. Usizitoe. Kipindupindu kinahama, ule mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoani, na kituo kitakachopata mgonjwa wa kwanza wiki ijayo leo hakipo kwenye orodha yako kabisa. Chupa 160 ni watu wazima 16 wa kilo 50. Mimi huwa naziweka kwenye paleti yake karibu na mlango, pamoja na seti 16 na kanula, na funguo ninayo, na kila jioni saa kumi nikishapiga simu vituo vyote vitatu kuuliza waliobaki nazo, walizotumia na wagonjwa wapya, napiga na vile vya jirani ambavyo bado havijaomba kitu.