Je, wajua kwa nini moshi wa mtambo wa gesi unaweza kuzalisha umeme mara ya pili?

Katika nyumba nyingi zinazopikia mkaa, maharage yakishaiva jiko halizimwi papo hapo, bali hubandikwa sufuria ya maji ya kuoga ili makaa yaliyobaki yasipotee bure. Makaa hayo hayana tena nguvu ya kuivisha maharage, lakini kwa maji ya kuoga yanatosha. Baadhi ya mitambo mikubwa ya umeme hufanya jambo linalokaribiana sana na hilo, na kinachostaajabisha ni ukubwa wa kinachookolewa. Kituo cha Azito, jijini Abidjan nchini Côte d'Ivoire, kilikuwa kwa miaka mingi na turbini mbili za gesi zenye uwezo wa jumla ya takriban megawati 290. Mwaka 2015 kiliongezewa turbini ya mvuke, na uwezo wake ukapanda hadi karibu megawati 430 bila kuongeza hata futi moja ya ujazo ya gesi inayochomwa. Nyongeza hiyo yote ilitokana na joto ambalo awali lilikuwa likipaa hewani kupitia bomba la moshi.

Ili kuelewa joto hilo lilikuwa likifanya nini kwenye bomba la moshi, ni lazima tuanze na turbini ya gesi yenyewe. Mtambo huu huvuta hewa, huikandamiza, huichanganya na gesi asilia na kuiwasha. Hewa hiyo iliyopata moto hutanuka kwa nguvu na kusukuma mapanga ya turbini, ambayo huzungusha jenereta. (Sehemu kubwa ya nguvu hiyo, mara nyingi zaidi ya nusu, huishia kuukandamizia mtambo wenyewe hewa ya kutumia, jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii tunapowasha taa.) Hewa husukuma mapanga kwa sababu ina mgandamizo mkubwa kuliko hewa ya nje, na mara mgandamizo huo unapolingana na wa nje, msukumo huisha. Joto, hata hivyo, halijaisha. Moshi hutoka kwenye mapanga ukiwa bado na nyuzi joto kati ya 500 na 600 za Selsiasi, yaani joto la kutosha kuyeyusha risasi na zinki.

Turbini ya gesi ya kwanza kuzalisha umeme wa umma iliwashwa mwaka 1939 katika mji wa Neuchâtel nchini Uswisi. Ilikuwa ya megawati 4, na ni takriban asilimia 17 tu ya nishati ya mafuta yake iliyogeuka kuwa umeme. Turbini za leo zimepiga hatua kubwa, lakini nyingi bado hugeuza asilimia 35 hadi 40 tu zinapofanya kazi peke yake.

Kinachofanyika katika mtambo wa mzunguko pacha, kama wa Azito au Kinyerezi II wa megawati 240 jijini Dar es Salaam, ni kuupitisha moshi huo ndani ya boila isiyo na moto wake. Boila hiyo ni jumba refu la chuma lililojaa safu za mabomba ya maji yenye mapezi membamba kuyazunguka, mfano wa rejeta ya gari, ili moshi upate eneo kubwa la kugusa. Mpangilio wa mabomba hayo una hekima yake. Moshi ukiingia ukiwa na joto kali kabisa hukutana kwanza na mabomba yenye mvuke uliokwisha kuchemka, ukauongezea joto. Kisha hupita kwenye mabomba ambamo maji yanachemka. Na mwishoni, ukiwa umepoa, hukutana na maji yanayoingia yakiwa bado ya baridi. Kwa utaratibu huo maji husafiri upande mmoja na moshi upande mwingine, na kila kiwango cha joto hupata kitu cha kukipasha ambacho kina joto pungufu kidogo kuliko chenyewe. Mvuke unaopatikana huzungusha turbini ya pili na jenereta yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme gesi iliyochomwa ina nishati ya vipimo 100. Turbini ya gesi huchukua 35 na kuvifanya umeme, na moshi huondoka na 65. Boila hunasa 54 kati ya hivyo, na 11 hutoka kwenye bomba la moshi. Katika vile 54, turbini ya mvuke huvuna 17. Umeme wote sasa ni vipimo 52, na kituo kimeongeza uzalishaji wake kwa karibu nusu, sawasawa na ilivyotokea Azito. Mitambo bora kabisa duniani huenda mbali zaidi: kile cha Bouchain nchini Ufaransa kiliweka rekodi mwaka 2016 kwa kuvuka asilimia 62.

Msomaji makini atauliza: vipimo 37 vilivyobaki kutoka kwenye mvuke vimekwenda wapi, na kwa nini visivunwe navyo? Vimemwagwa kwa makusudi. Mvuke ukishatoka kwenye turbini hupozwa kwa maji ya bahari, ya mto au kwa feni kubwa za hewa hadi urudi kuwa maji, na joto lake lote lililobaki huenda na maji hayo au na upepo. Kwa mtazamo wa kwanza huu ni ubadhirifu, lakini bila kuupoza mvuke turbini isingefanya kazi kama inavyofanya, kwa kuwa ni kupoza huko kunakoacha karibu ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, upande wa kutokea na kuuwezesha mvuke kukimbilia huko kwa nguvu.

Aliyelifafanua jambo hili ni mhandisi kijana wa Kifaransa, Sadi Carnot, mwaka 1824, na alilinganisha joto na maporomoko ya maji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji huzalisha umeme kwa sababu maji yake yako juu na yana pa kuangukia; maji ya Bahari ya Hindi ni mengi kuliko hayo mara zisizohesabika, lakini hayana pa kuangukia, na kwa hiyo hayazungushi turbini ya bwawa lolote. Vivyo hivyo joto haliwi na thamani kwa wingi wake, bali kwa kimo cha anguko lake, yaani tofauti kati ya jotoridi lake na la mazingira.

Kanuni ya Carnot hutuwezesha kuipima thamani hiyo. Kwa joto lenye nyuzi 550 linaloangukia kwenye mazingira ya nyuzi 30, kama ya pwani yetu, kiwango cha juu kabisa kinachoweza kugeuzwa kuwa kazi ni asilimia 63. Kwa maji ya nyuzi 90, ambayo yangekuunguza vibaya mkono, kiwango hicho hushuka hadi chini ya asilimia 17, na mitambo halisi hupata nusu ya hapo au pungufu. Kwa nchi yenye baridi ya nyuzi 10, maji yaleyale ya nyuzi 90 yangetoa hadi asilimia 22. Mtambo ulioko Dar es Salaam au Mombasa hushindana na hali ya hewa pia.

Kama faida ni kubwa hivi, kwa nini turbini za gesi zote hazina boila nyuma yake? Pale pale Kinyerezi, megawati 150 za awali za Kinyerezi I zilijengwa kwa turbini za gesi peke yake. Mabomba na kuta nene za boila lazima zipashwe polepole, la sivyo chuma hupasuka, na hivyo turbini ya mvuke huchukua saa kadhaa kufikia nguvu kamili, ilhali ya gesi huhitaji dakika chache. Kwa mtambo unaowashwa jioni tu watu wanaporudi majumbani, fedha za boila hazirudi. Kwa ule unaofanya kazi usiku na mchana, naona kutokuwa nayo ni hasara isiyo na udhuru, hasa pale gesi inaponunuliwa kwa fedha za kigeni.

Joto hafifu nalo limepata mbinu zake. Injini kubwa za mafuta mazito, kama za kituo cha megawati 87 cha Thika nchini Kenya, hutoa moshi uliopoa kuliko wa turbini ya gesi, lakini hata hapo iliwekwa turbini ndogo ya mvuke. Chini ya hapo maji hayafai tena, na hutumika kimiminika kinachochemka mapema zaidi. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, kituo cha Olkaria III hutumia pentani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 36, kiwango kinachokaribiana na joto la mwili wa mtu. Maji moto na mvuke wa jotoardhi huipasha pentani hiyo kwenye mabomba yaliyofungwa, na mvuke wa pentani ndio unaozungusha turbini.

Jirani na hapo, shamba la maua la Oserian lilichukua kwa miaka mingi joto la kisima cha jotoardhi bila hata kujaribu kuligeuza lote kuwa umeme: usiku lilipitishwa kwenye mabomba ndani ya nyumba za waridi, likakausha hewa na kupunguza ukungu unaoshambulia majani.