Katuni kuigizwa na watu si jambo la juzi

Wengi huamini kwamba kugeuza katuni kuwa filamu za waigizaji halisi ni mtindo wa juzi, uliozaliwa na kompyuta na ukame wa hadithi mpya Hollywood. Sivyo, na dhana hiyo inawanyima haki mafundi wa zamani.

Sinema ilikuwa bado changa ilipoanza kuchota kwenye kurasa za magazeti. Mwaka 1906 Edwin S. Porter, wa kampuni ya Edison, alitengeneza filamu fupi kutokana na katuni ya gazetini ya Winsor McCay: mtu anakula jibini, analala, kisha anaota kitanda chake kikiruka juu ya mji. Kompyuta haikuwapo. Picha zilipachikwa moja juu ya nyingine, na kitanda kikapaa.

Mwaka 1936 Flash Gordon, shujaa wa anga za juu kutoka katuni ya gazetini, aliingia sinema kwa mfululizo wa sehemu 13. Wala si mashujaa peke yao waliotolewa karatasini. Blondie, katuni ya maisha ya mke na mume nyumbani, ilizaa filamu 28 kati ya 1938 na 1950.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Superman wa 1948, aliyeigizwa na Kirk Alyn. Kila alipotakiwa kuruka, mwigizaji aliondolewa na mchoro wa katuni ukachukua nafasi yake. Kompyuta zilikuja kuuficha mshono huo tu. Hamu ya kuwaona wahusika wa karatasini wakiwa na damu na nyama ilikuwapo tangu mwanzo, na watayarishaji walijua kwamba msomaji wa gazeti angelipa kiingilio.