Galileo hakubuni darubini

Jioni za kiangazi hapa Dodoma, mbingu ikiwa haina wingu na sayari ya Mshtarii (Jupita) inang'aa, utasikia hadithi ileile: Galileo, mwanasayansi wa Italia, alibuni darubini, akaielekeza juu, usiku huohuo akagundua miezi minne ya sayari hiyo. Sivyo.

Darubini ilitoka Uholanzi. Mwaka 1608 fundi miwani Hans Lipperhey aliiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi. Galileo alipata habari mwaka uliofuata, akajitengenezea yake, akaiboresha hadi ikakuza mara 20 hivi.

Tena usiku wa kwanza, Januari 7, 1610, aliona vinukta vitatu tu, akadhani ni nyota za kawaida: viwili mashariki mwa sayari, kimoja magharibi. Kesho yake vyote vitatu vilikuwa magharibi. Nyota gani hizo zinazohama hivyo? Akaendelea kutazama na kuchora usiku baada ya usiku. Cha nne alikiona Januari 13. Michoro hiyo ndiyo iliyomwonyesha kwamba vinaizunguka Mshtarii. (Hata majina ya miezi hiyo, Io, Europa, Ganymede na Callisto, si yake, aliyeyatangaza ni mwanafalaki Mjerumani Simon Marius.)

Ukitaka kuviona, darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani, inatosha. Iegemeze ukutani isitikisike.